Pete Msumarini

Wasemao husema: wapendanao ni chanda na pete.
Babu yangu Prokip pete aliitundika msumarini,
kando ya mlango wa jikoni, tangu mavuno yale
mashine ilipomng'oa jirani Orest
kidole na pete yake.
Alfajiri aliivua, akavaa kofia.
Usiku alinawa, akaivaa, ndipo akala.
Na Bibi Teklia, akipita na ndoo au na mtoto,
alitupa jicho ukutani:
pete ipo msumarini, basi mtu yuko shambani,
abandike birika.

Huku Saskachewani nchi imelala chali
na mbingu imeikalia kifuani.
Walioana Juni, kati ya kupanda na kukata nyasi,
wiki pekee ambayo ardhi ilimpa ruhusa.
Bibi alikuja na cherehani, kuku watatu
na deni la baba yake.
Mwaka huohuo mvua ya mawe ikaipiga ngano
dakika kumi na moja; Bibi alikuwa na saa.
Babu akaokota jiwe moja la barafu,
akalitia kwenye glasi ya maziwa, akanywa.
"Angalau hili," akasema, "limetulipa."

Hakuwa msemaji. Maneno aliyapima kwa kibaba
na kibaba chenyewe hakukijaza.
Kuhusu tufani ya theluji, ile iliyomkuta zizini
asiuone hata mkono wake mwenyewe,
alisimulia hivi tu:
"Teklia aligonga sufuria kwa mwiko. Nikaifuata sauti."
Saa mbili aligonga, mlango wazi,
theluji ikiingia hadi chini ya meza.
Sufuria ikabonyea tumboni.
Utoto wetu wote tulikula viazi vya sufuria ile,
vimeiva upande mmoja.

Sitaki kuwapaka sukari.
Alinunua shamba la akina Bodnar bila kumwambia,
wakanuniana mavuno mazima.
Bibi alipeleka chakula, akakiweka juu ya trekta, akageuka.
Siku ya kumi na mbili chakula hakikuwa na chumvi.
Babu akatembea maili nzima kuja kuuliza chumvi iko wapi.
Akaonyeshwa. Yakaisha.
Yapo pia ambayo hayakuisha:
kaburi fupi nyuma ya kanisa, la Lesia,
ambaye hakuiona theluji ya pili.
Kila Jumapili walisimama pale, huyu kushoto, huyu kulia,
wameacha katikati nafasi ya mtoto.

Kisha Bibi akaanza kupoteza.
Kwanza majina yetu, kisha mwaka, kisha kazi ya kijiko.
Mashamba yalikwisha kukodishwa, Babu hana pa kulima,
lakini akiiona pete kidoleni mchana
Bibi aliingiwa na hofu: "Unaumwa? Na ngano je?"
Basi kila asubuhi mzee yule akaitundika pete,
akaiendesha pikapu hadi mwisho wa uzio,
akakaa humo akitazama ngano ya watu wengine
mpaka saa ya chakula.
Miaka mitano. Hata Januari,
ambapo hapakuwa na ngano ya kutazama.

Walitimiza miaka sitini na mmoja.
Usiku wa mazishi alijaribu kuivaa; kifundo kimevimba.
Akapaka sabuni. Akapaka siagi.
Akairudisha ukutani, na huko ikakaa
usiku na mchana, miaka minne,
hadi naye akaenda, Oktoba, maghala yamefungwa.
Majirani wanasema alingoja mavuno yaishe.
Sijui. Kungoja hakukuwa tabia yake.

Jana nimekuja kuifunga nyumba.
Nilikuwa na orodha: mabomba, umeme, funguo kwa wakili.
Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikaiona pete msumarini,
na kabla sijakumbuka lolote
mkono wangu ulikuwa umekwisha kubandika birika.